Acheni Kuuliza "Ni i Ngapi?"

Leo hakuna somo la kuandika programu. Leo nina ugomvi, na unahusu swali la maneno matatu ninalolisikia kila nikipita kwenye maduka ya kompyuta, kila nikiletewa mashine niiangalie, na kila mtu wa ukoo akinipigia simu kabla ya kwenda mjini na pesa zake: "Ni i ngapi?"

Ikitajwa i3, watu wanakunja uso. Ikitajwa i5, wanaitikia kwa kichwa. Ikitajwa i7, mkoba unafunguka wenyewe! Hakuna anayeuliza swali la pili. Namba moja imesemwa, biashara imeisha.

Msimamo wangu nauweka hapa mwanzoni ili anayetaka kubisha ajue anabishia nini. Kwa mtu anayeboresha kompyuta ya nyumbani, herufi "i" na namba moja inayoifuata hazimwambii karibu chochote. Na kwa wengi wetu prosesa ndicho kipuri cha mwisho cha kutolea pesa, lakini sisi tunakifanya cha kwanza.

Tuanze na jina lenyewe. Intel ilitoa Core i7 ya kwanza mwaka 2008, i5 ikafuata 2009, i3 ikaja 2010. Tangu hapo karibu kila mwaka kukawa na kizazi kipya, na kila kizazi kikawa na i3 yake, i5 yake na i7 yake. Kwa hiyo "i7" ni nafasi ndani ya darasa, haikuambii ni darasa gani. Namba moja wa darasa la tatu ni mtoto mwerevu, sawa, lakini mpe hesabu za kidato cha nne uone kama atamshinda yule wa namba thelathini. Hivyo ndivyo tunavyonunua kompyuta. Tunauliza mtoto alikuwa namba ngapi, hatuulizi alikuwa darasa gani.

Mnataka mfano? Chukueni i7-7700 ya mwanzoni mwa 2017. Ina viini 4 na nyuzi 8, inaanzia kasi ya 3.6 GHz, inakula wati 65. Sasa chukueni i3-10100 ya mwaka 2020. Viini 4, nyuzi 8, inaanzia 3.6 GHz, wati 65. Mmeona? Kilichokuwa i7 mwaka 2017 kiliuzwa kama i3 miaka mitatu baadaye. Tofauti zipo ndogo ndogo, kwa mfano i7 ile ina keshi ya MB 8 na i3 ina MB 6, lakini kwa kazi za nyumbani utahitaji saa ya kupimia mbio ili uzitenganishe. Hata hivyo, ziweke mbili hizo mezani, mwite mnunuzi wa kawaida, umwambie moja ni i7 na nyingine ni i3. Mnajua ataondoka na ipi, na mnajua ipi itawekewa bei ya juu.

Na hapo hatujafika kwenye uchungu wenyewe. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft ilitoa orodha ya prosesa inazozikubali. Kwa Intel, kimsingi inaanzia kizazi cha 8. Kwa AMD, inaanzia hasa Ryzen za mfululizo wa 2000. Ile i7-7700 ya kizazi cha 7 haimo. Ile i3-10100 tuliyoikunjia uso imo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikafunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani ukapangiwa kufika Oktoba 2026 tu. Sasa jiulizeni: kampuni za Ulaya zenye maelfu ya kompyuta za kizazi cha 6 na cha 7 zisizokubali Windows 11 zinazipeleka wapi? Nyingine husagwa, nyingine hupakiwa kwenye kontena. Zikifika huku tunaziita ex-UK, zinapanguswa vumbi, na mnunuzi anauliza: "Ni i ngapi?"

Sisemi kompyuta za mtumba ni mbaya. Nyingi ni imara kuliko mpya za bei rahisi, maana zilitengenezewa ofisi. Ninachosema ni kwamba mtumba hununuliwa kwa kukaguliwa. Gikomba hakuna anayenunua shati kwa kusoma lebo ya shingoni peke yake. Unaligeuza, unaangalia kwapa, unavuta vifungo. Mbona kompyuta, inayogharimu mara mia ya shati, tunainunua kwa stika?

Kuhusu stika, niseme neno. Stika ni karatasi yenye gundi. Inauzwa, inabanduliwa, inabandikwa tena. Hata lile jina la prosesa linaloonekana ukifungua sifa za kompyuta ndani ya Windows linaweza kubadilishwa na mtu mwenye nia mbaya, kwa sababu limeandikwa kwenye rejista ya Windows kama maneno mengine yoyote. Programu ndogo ya bure kama CPU-Z huihoji prosesa yenyewe. Hubebeka kwenye flashi na hufunguka kwa sekunde chache. Muuzaji akikataa usiifungue, huyo amekwisha kukujibu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Matatu iliyochorwa kuanzia bampa hadi bampa inapendeza macho, lakini rangi haipandishi gari mlima wa Limuru. Injini ndiyo inayopanda.

Upande wa laptopu mambo ni mabaya zaidi. i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini 2 tu. Viini viwili! i5-8250U iliyotoka mwaka mmoja baadaye ina viini 4, na zote mbili zimetengenezewa wati 15. Anayeuza ile i7 kwa bei ya juu kuliko i5 hajavunja sheria yoyote. Ameuza tu kile tulichouliza.

Msidhani AMD ni watakatifu. Ryzen 5 7520U ya laptopu ina namba inayoanza na 7, lakini ndani yake mna muundo wa Zen 2, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2019. Na Intel yenyewe ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaiondoa herufi "i" kwenye majina yake mapya, zikaja Core Ultra na Core tupu. Yaani mwenye jina amelichoka jina lake, sisi bado tunaliabudu.

Sasa tuje kwenye pesa. Mwaka 2024 jirani yangu mmoja, mama anayeuza mboga, alipokea zamu yake ya chama akaamua kumnunulia kijana wake kompyuta ya mezani. Kijana alikuwa anaanza diploma ya teknolojia ya habari. Dukani waliwekewa mbili za umbo lilelile na kampuni ileile: moja ina i5-3470, nyingine i7-3770. Zote ni za mwaka 2012. Zote zina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500.

"Mama, kama ni ya masomo chukua hii i7," kijana wa duka akasema. "Hii ni mashine. Hatakusumbua tena mpaka amalize shule."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ni i5 tu, mama."

Akaongeza shilingi 5,000 juu ya bei ya i5. Hiyo 5,000 ilimnunulia nini? Nyuzi 4 za ziada na 0.2 GHz. Wiki mbili baadaye kijana akanibishia mlango. Kompyuta inachukua dakika kadhaa kuwaka, kivinjari kikifunguka kila kitu kinaganda, na Android Studio aliyoambiwa na mwalimu aiweke haifunguki kabisa. Lakini hilo silo lililoniuma. Lililoniuma ni alichosema baadaye: "Kwani mimi ndiye sijui kuitumia? Maana hii ni i7."

Mnaona hasara ilipo? Pesa za chama zimeenda, na kijana ameanza masomo akiamini tatizo ni akili yake. Jina la i7 halikumlinda kwa lolote, lilimfunga mdomo tu. Angekuwa na i5 angelalamika kompyuta ni polepole. Akiwa na i7 alijilalamikia mwenyewe.

Tatizo la mashine ile halikuwa prosesa hata kidogo. Nieleze kwa lugha ya jikoni. Prosesa ni mpishi. RAM ni meza ya kukatia. Diski ni stoo. Mpishi awe hodari kiasi gani, kama meza inatosha kitunguu kimoja na stoo iko ng'ambo ya mto, chakula kitachelewa. Ukimfukuza ukaleta mpishi hodari zaidi, naye atakaa kwenye kigoda akingoja vitunguu.

Hesabu yake ni hii. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde. Ili isome kipande cha data, mkono wake lazima usogee mahali pake, kama milisekunde 8 hivi, kisha ungoje sahani izunguke, wastani wa milisekunde 4. Jumla 12. Maana yake diski hiyo inaweza kuchukua vitu vilivyotawanyika kama mara 80 tu kwa sekunde. Windows inapowaka inaomba maelfu ya vitu vidogo vilivyotawanyika. SSD haina sahani wala mkono. Hata ile ya kawaida ya SATA huchukua vitu hivyo makumi ya maelfu kwa sekunde. Prosesa gani unayoijua inayokuruka kutoka 80 hadi makumi ya maelfu? Hakuna. Haipo, na haitakuwapo.

Kisha meza. GB 4 leo zinaliwa na Windows yenyewe pamoja na kivinjari chenye kurasa chache. Zikijaa, kompyuta inaanza kutumia diski kama meza, na ile diski ya mara 80 kwa sekunde ndiyo inayogeuzwa meza. Hapo ndipo kila kitu kinaganda. Google yenyewe inasema Android Studio inataka GB 8, na ukiongeza emuleta GB 16. Kijana yule angepewa hata i9 yenye GB 4, bado asingetoboa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi moja, pima. Ni bure. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Iache hapo, fanya kazi zako za kila siku, na kompyuta ikianza kukwama itazame. Diski iko asilimia 100 na prosesa iko 15? Nunua SSD. Kumbukumbu iko asilimia 90 na zaidi? Nunua RAM. Prosesa imekaa 100 dakika nzima huku vingine vimepumzika? Hapo, na hapo tu, ndipo tuzungumze habari za prosesa. Watumiaji wa Linux mna htop na iotop, hamhitaji kufundishwa.

Kama ni mimi ninayepanga foleni ya matumizi, inakwenda hivi.

Kwanza SSD. Mashine ya 2012 kwa kawaida haina tundu la M.2, kwa hiyo chukua ya SATA ya inchi 2.5. Usidanganyike na zile za kasi ya GB kadhaa kwa sekunde kama hakuna mahali pa kuzichomeka. Ukinunua iliyotumika, fungua CrystalDiskInfo uangalie afya yake na saa ilizofanya kazi.

Pili RAM. Angalia ni aina gani, maana DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, wala DDR4 kwenye la DDR5. Na vipande viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa nyingi za nyumbani husoma RAM kwa njia mbili sambamba. Ukiweka kipande kimoja umefunga njia moja. Kama prosesa yako ndiyo inayochora picha kwenye skrini, bila kadi ya michoro, utaiona tofauti hiyo kwa macho. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda dunia nzima kwa sababu viwanda viligeukia vituo vya data vya akili unde. Basi ni sababu moja zaidi ya kutomwaga pesa kwenye jina la prosesa kabla hujajua RAM itakugharimu nini.

Tatu umeme. Hiki hakuna anayekisifia dukani kwa sababu hakina stika. Lakini umeme wetu mnaujua. Unakatika, unarudi kwa kishindo, na vipuri ndivyo vinavyolipa. UPS ndogo yenye kusawazisha volti ni bima ya vingine vyote. Na kwa wale wanaotaka kuongeza kadi ya michoro kwenye zile kompyuta nyembamba za ofisi, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ndugu zao: nyingi zina pawa saplai ya umbo la pekee, ya wati 240 hivi, isiyobadilishwa kwa ile ya kawaida. Tundu la kadi lenyewe hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. Kadi inayotaka zaidi ya hapo itahitaji waya wa ziada ambao mashine hiyo haina. Pima kwanza urefu wa kadi na wa kasha, usije ukarudi nyumbani na kadi isiyoingia.

Nne, sasa, prosesa. Ndiyo, kuna watu wanaoihitaji. Anayehariri video, anayekusanya programu kubwa, anayecheza michezo mizito na tayari ana kadi nzuri. Hao siwazuii. Lakini hata wao wasiulize "i ngapi". Waulize soketi. Kizazi cha 2 na cha 3 cha Intel hukaa kwenye LGA1155, cha 4 kwenye LGA1150, cha 10 na cha 11 kwenye LGA1200, cha 12 hadi cha 14 kwenye LGA1700. Kizazi cha 6 na cha 7 hukaa LGA1151, na cha 8 na cha 9 pia hukaa LGA1151, lakini madabodi za hawa hazikubali prosesa za wale! Jina la soketi ni lilelile, mlango ni mwingine. Wengi wamelia hapo.

Ukibadilisha soketi unabadilisha madabodi, na ukitoka kwenye DDR3 unabadilisha RAM pia. Hapo huboreshi kompyuta, unanunua mpya na kuiweka kwenye kasha la zamani. Si dhambi, ila fanya hesabu ya vyote kwa pamoja, usipige bei ya prosesa peke yake halafu ushangae.

Mwenye madabodi ya AM4 ya AMD anastahili pongezi. Soketi hiyo ilibeba Ryzen za kwanza mwaka 2017 na bado ikapokea prosesa mpya mwaka 2022. Aliyenunua Ryzen 3 1200 wakati ule, kama mtengenezaji wa madabodi yake alitoa BIOS mpya, anaweza kuchomeka Ryzen 5 5600: kutoka viini 4 na nyuzi 4 hadi viini 6 na nyuzi 12, bila kugusa RAM wala ubao. Hebu niambieni, hilo mngelijua kwa kuuliza "i ngapi"?

Na herufi za mwisho ziheshimiwe. i3-12100 ina michoro ndani yake, i3-12100F haina. Ile Ryzen 5 5600 haina, 5600G inayo. Ukinunua isiyo na michoro na huna kadi, skrini yako itabaki nyeusi na utaanza kumlaumu muuzaji bure. Herufi T kwenye Intel za mezani maana yake imebanwa wati, mara nyingi 35, basi kasi yake haitafanana na ndugu yake asiye na T.

Najua kuna watakaosema: "Lakini i7 ya zamani bado ina nguvu!" Kweli, wala sijaikana. i7-3770 yenye SSD na RAM ya GB 16, ukiiwekea Linux Mint au Ubuntu, ni mashine ya kusomea na kuandikia programu bila aibu. Ile 5,000 ya jina ndiyo ninayoikataa. Wengine watasema Windows 11 inaweza kulazimishwa kwenye mashine isiyokubaliwa. Inaweza, njia zipo. Lakini Microsoft imesema mashine za namna hiyo hazina haki ya kupata masasisho. Anayetumia kompyuta kwa benki na kwa makaratasi ya familia asipumbazwe na "inafungua."

Kuna na kundi la pili, wale wa video za YouTube, ambao kwao kila kilichotoka mwaka juzi ni takataka. Wanamwambia mwalimu anayeandika mitihani kwa Word anunue DDR5 na prosesa ya viini 16. Hawa ni mapacha wa wale wa stika, tofauti yao ni bajeti tu. Na kilicho ghali hakina kinga. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, na malalamiko yalizidi kwenye i9, zilikuwa zikiharibika kwa sababu ya volti ya kupita kiasi. Ikatoa marekebisho ya ndani ya prosesa na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Waliolipa pesa nyingi kabisa ndio walioungua kabisa.

Lawama ninayotaka kuigawa mwisho haiendi kwa muuzaji. Muuzaji anauza kinachoulizwa. Inaenda kwetu sisi tulioketi miaka minne tukisomeshwa muundo wa kompyuta, tukafundishwa tofauti ya keshi na diski hadi usiku wa manane, tukafaulu mtihani. Shangazi akipiga simu, "Mwanangu, ninunue gani?", tunajibu "Chukua i7 tu" na kukata simu kwa sababu tuna mkutano. Sekunde tano. Shangazi analipa kwa miezi. Matangazo mangapi ya kununua kompyuta za ofisi na shule yameandikwa "Core i5 au zaidi", bila kizazi, bila aina ya diski? Aliyeandika maneno hayo si mama wa mboga. Ni mtu mwenye shahada kama yangu.

Basi haya ndiyo maswali ya kumpa shangazi, yaandike kwenye ujumbe wa simu aende nayo dukani. Namba kamili ya prosesa ni ipi, pamoja na herufi ya mwisho? Kwa nyingi za tarakimu nne, kama i5-6500, ya kwanza ndiyo kizazi. Tano, kama i3-10100, ni mbili za kwanza. Diski ni SSD au ya kuzunguka? RAM ni GB ngapi, vipande vingapi, na kuna tundu lililo wazi? Inakubali Windows 11 kwa halali? Na mwisho, naomba kuifungua CPU-Z hapa hapa, tuangalie pamoja.

Maswali matano. Muuzaji mwaminifu atayajibu na kufurahi kumpata mteja anayejua. Asiye mwaminifu ataanza kutazama mlango.

Yule kijana tulimwekea SSD na kipande cha pili cha RAM, kwa pesa ambazo mama yake alilazimika kuzitafuta mara ya pili. Prosesa hatukuigusa. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na namba kamili. Akija na "i7" tupu, nitamuuliza: darasa la ngapi?